Kinywa kikavu, mkojo wa rangi ya chai: namna ya kupanga maji yako ya siku

Kila wiki naulizwa maswali yale yale, na wanaouliza wengi wao wanapiga mswaki vizuri tu. "Mbona kinywa kinanuka mchana, na asubuhi nimesugua?" "Mbona meno yanaoza pale chini karibu na fizi, na mimi pipi sili?" "Hivi glasi nane ni lazima?"

Nafanya kazi ya meno Dar es Salaam. Siku hizi kabla sijamwambia mtu afungue kinywa, nauliza kwanza: jana ulikunywa nini, na saa ngapi? Majibu yanafanana kama yamenakiliwa. Chai ya asubuhi. Kisha hakuna kitu mpaka saa 8 mchana. Soda ya baridi, ya kuvutavuta kidogo kidogo hadi saa 10. Kisha hakuna kitu tena mpaka usiku, ndipo mtu anakumbuka na kugida lita nzima kabla ya kulala.

Ukijumlisha, huyo amekunywa karibu lita mbili, na kwa hesabu ya lita ukimlaumu unamwonea. Lakini kinywa chake kimeshinda kikavu saa kumi na kitu, na kwa saa mbili kimeoga sukari. Mwili unahesabu lita, kinywa kinahesabu mara. Watu wengi wamefundishwa hesabu ya kwanza tu, kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye ya pili.

Nadharia ni hii, na sitaiongeza. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Karibu asilimia 99 ya mate ni maji. Kilichobaki ni madini ya kuliziba jino linapoanza kulika, chumvichumvi za kuzimua asidi, na kinga dhidi ya vijidudu. Maji mwilini yakipungua, tezi za mate zinabana matumizi. Mate yanakuwa mazito, yananata, na jino linabaki bila mlinzi.

Wasiofuata mwongozo huu

Kama una ugonjwa wa moyo unaojaza maji mwilini, au figo zimechoka na umepewa kipimo cha maji, fuata kipimo cha daktari wako, si changu. Na mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji kabisa, hata jua likiwaka vipi. Maziwa ya mama yana maji yake yote. Najua bibi atasema mtoto ana kiu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Chupa moja unayoujua ujazo wake. Ile ya plastiki ya lita moja na nusu inatosha kuanzia, ila usiiache kwenye dashibodi ya gari wiki nzima.

Kikombe chako kimoja. Kipime leo: kijaze, mimina kwenye chupa, uone kinaingia mara ngapi. Vikombe vyetu vinatofautiana sana. Kile cha bati cha nyumbani kwetu kinabeba kama mililita 400, na glasi ya mgahawani haifiki 250. Ukisema "vikombe vitano" bila kupima hujasema kitu. Hesabu za hapa chini nimezipigia kikombe cha mililita 300.

Maji uliyoyatibu, kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Dawa ya meno yenye floridi. Mswaki. Pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, kabatini. Utazishukuru siku ya kuharisha.

Na kitu ambacho hakiuzwi: ujue choo kiko wapi pale unaposhinda. Usicheke. Nimeongea na mama lishe, makonda, wanafunzi wa kike na madereva wa bodaboda, na sababu kubwa ya kutokunywa maji si uvivu. Ni kwamba choo hakipo, au kipo na hakiingiliki, au kinalipiwa. Hilo usipolitatua kwanza, hatua zote zitakushinda siku ya tatu.

Hatua ya 1: Jipime siku tatu bila kubadilisha chochote

Andika kwenye simu kila unachokunywa na saa yake. Kila kitu: chai, uji, soda, maji ya kumezea dawa. Kisha angalia mambo matatu.

Mkojo. Ukiwa kama maji ya ndimu yaliyozimuliwa, uko salama. Ukiwa rangi ya chai ya rangi na una harufu kali, umechelewa. Wa asubuhi huwa mzito kidogo kwa kila mtu, kwa hiyo tumia wa saa 5 au saa 6 mchana.

Mate. Bana midomo, meza. Ulimi ukigandamana na kaakaa kama stempu, kinywa kimekauka. Kipimo kingine tunachokitumia kliniki ni kumwuliza mtu: unaweza kula kipande cha mkate mkavu au biskuti bila kusukumia na maji? Asiyeweza ana upungufu wa mate, na huyo anahitaji zaidi ya kikombe cha maji. Nitamrudia mwishoni.

Pengo. Huu ndio mstari muhimu kuliko yote. Tafuta muda mrefu zaidi uliokaa macho bila kunywa chochote. Wengi wanakuta saa sita, saba. Lengo lako mwisho wa mwongozo huu ni pengo lisilozidi saa mbili na nusu.

Hatua ya 2: Safisha maji, na ujue yametoka wapi

Kuchemsha: yaache yatokote kweli kwa dakika moja, si kutoa mvuke tu. Ukikaa juu milimani, zaidi ya mita 2,000, zipeleke dakika ziwe tatu. Yafunike yapoe kwenye chombo hicho hicho. Kosa ninaloliona ni mtu kuchemsha maji vizuri, kisha kuyachota kwa kikombe alichoshika ukingoni na vidole. Ndiyo maana nilisema koki.

Dawa ya klorini ya vidonge au ya maji: fuata kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, la sivyo tope linaimaliza dawa kabla haijafika kwenye vijidudu.

Kama huna mkaa wala dawa, jua lipo. Jaza maji angavu kwenye chupa za plastiki zinazoonesha ndani, zisizozidi lita mbili, zilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu mazito, siku mbili.

Sasa nyie wa kaskazini, nisikilizeni vizuri. Arusha, sehemu za Kilimanjaro na Manyara, na kwa majirani zetu wa Kenya huko Nakuru na Naivasha, maji mengi ya ardhini yana floridi nyingi. Floridi kidogo inaimarisha jino; ikizidi inaliharibu likiwa bado linaundwa ndani ya taya. Ndiyo yale meno ya kahawia mnayoyaona huko Meru, tangu kata ya Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu zaidi ya hapo, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine.

Kuchemsha hakuiondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki pale pale, kwa hiyo kila unavyozidi kuchemsha ndivyo inavyozidi kukolea. Klorini nayo haiigusi. Kinachofanya kazi kwa bei ya nyumbani ni chujio la mkaa wa mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto, au maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi. Walio hatarini ni watoto wa chini ya miaka 8, maana meno yao ya ukubwani bado yanajengwa. Kama maji salama ni machache, yawe ya watoto na ya uji wao. Wakubwa mfulie na kuogea hayo mengine. Na magadi mnayotia kwenye maharage na makande yaive haraka, mengi yana floridi pia. Mtoto mdogo mpikieni bila magadi. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva.

Hatua ya 3: Tafuta kiasi chako, usikariri glasi nane

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipanga mwaka 2010 kwamba mwanamke anahitaji jumla ya lita 2 kwa siku na mwanamume lita 2.5, pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula. Chakula huchangia kama moja ya tano. Kwa hiyo cha kunywa ni kama lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume: vikombe vitano na kidogo, na vikombe saba hivi. Mjamzito aongeze mililita 300, anayenyonyesha 700.

Ila hizo ni hesabu za mtu wa kazi nyepesi kwenye hali ya hewa ya wastani. Tandale mwezi wa pili si Brussels. Anayebeba zege, anayesukuma mkokoteni au anayeshinda jikoni kwenye moshi anaweza kutoa jasho nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Ukipata mzani, jipime kabla ya kazi na baada ya kazi: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji inayotakiwa irudi. Usipokuwa na mzani, rudi kwenye mkojo. Rangi haidanganyi mara nyingi.

Chai, kahawa, uji, mchuzi na madafu, vyote vinahesabika kama maji. Ile hadithi kwamba chai "inakausha" imekuzwa. Inakukojoza kidogo, lakini unabaki na faida. Pombe ndiyo inayokausha kweli, na kinywa cha asubuhi baada ya pombe hakihitaji maelezo yangu.

Hatua ya 4: Gawa kwa mara

Huu ni mpango wa mtu anayeamka saa 12 asubuhi. Usogeze kulingana na kazi yako.

Ukiamka, sukutua, kunywa kikombe kimoja. Usiku mate hukaribia kukatika kabisa, na ndiyo sababu kila binadamu anaamka na harufu. Watu wananiuliza kama ni salama kunywa kabla ya mswaki. Ni salama, tumbo linavimudu vijidudu vya kinywa chako mwenyewe.

Chai au uji na kifungua kinywa, kikombe cha pili. Saa 4, maji. Chakula cha mchana, maji. Saa 9, maji. Saa 11 jioni, kabla ya daladala, maji. Cha saba wakati wa chakula cha usiku. Hapo una lita 2.1 na hujagida hata mara moja.

Kikombe cha saa 4 na cha saa 9 ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo vinavyobeba mwongozo mzima. Vifunge na kitu ambacho tayari unakifanya: muda wa swala, kengele ya mapumziko, zamu ya foleni kituoni. Kengele ya simu utaizima siku ya nne, nakuhakikishia.

Kati ya vikombe hivyo, ukiweza, piga funda dogo dogo. Funda moja la maji linaondoa mabaki ya chakula, linazimua asidi, linalegeza mate yaliyoanza kunata. Halikujazi kibofu.

Onyo: usifidie kwa mkupuo. Figo nzima za mtu mzima hutoa kati ya mililita 800 na lita moja kwa saa. Ukiingiza zaidi ya hapo kwa saa kadhaa mfululizo, chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na watu wamewahi kufa hivyo. Mashindano ya kunywa maji si mchezo.

Hatua ya 5: Vinywaji vitamu vipewe saa yake

Hapa ndipo nitakapogombana na wengi.

Kila sukari inapogusa kinywa, vijidudu vya kwenye ukoga vinaila na kutoa asidi. Asidi hupimwa kwa pH, na namba ikishuka asidi ndiyo inazidi kuwa kali. Ikishuka chini ya 5.5, ganda la jino linaanza kuyeyuka. Mate huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kuirudisha hali. Sasa fikiria chupa ya soda ya mililita 350. Mmoja anaimaliza kwa dakika tano akila wali maharage. Mwingine anaifungua saa 8, anavuta kidogo, anafunika, anavuta tena, mpaka saa 10. Sukari ni ile ile, kama gramu 35. Lakini wa kwanza amelishambulia jino mara moja, wa pili analishambulia saa mbili mfululizo na zaidi, bila kulipa nafasi ya kupumua.

Kanuni yangu basi: kitamu kiende na mlo, kiishe, kifuatwe na maji. Katikati ya milo ni maji matupu.

Chai ya maziwa ya vijiko vitatu, kunywa na chapati yako umalize. Kuizungusha kwenye chupa ya moto ofisini kutwa, hapana. Juisi ya ukwaju na ya embe, hali kadhalika. Uasili wake haulipunguzii jino kitu, na ukwaju wenyewe ni asidi. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu, vya madereva wa usiku, vina sukari na asidi kwa pamoja. Mwezi uliopita nimeangalia kinywa cha kijana wa miaka 24 anayeendesha bodaboda, meno ya mbele yamelika mstari mzima juu ya fizi. Pipi hali. Alikuwa na chupa ya kinywaji hicho mfukoni siku zote, "nisisinzie".

Wazee wa kahawa wa Pwani wana akili kuliko sisi. Kahawa chungu, kikombe kidogo, kashata moja, mazungumzo marefu yasiyo na sukari, na muuzaji ana maji pembeni. Kashata inanata, ndiyo, lakini ni moja na inaisha. Sukutua ukinyanyuka barazani.

Maji ya ndimu asubuhi tumbo tupu, yale ya mitandaoni: kama unayapenda, yanywe mara moja, pamoja na chakula, usiyazungushe mdomoni. Kushinda na chupa yenye vipande vya ndimu ni kuloweka meno kwenye asidi kwa jina la afya.

Hatua ya 6: Mswaki uingie mahali pake

Mara mbili kwa siku, dawa yenye floridi. Ukimaliza, tema povu. Usisukutue kwa maji mengi, maana unaitupa floridi uliyoilipia. Ndiyo maana maji ya mwisho ya usiku yanakuja *kabla* ya mswaki. Ukiamka na kiu usiku wa manane, kunywa maji, ila maji tu.

Ukitoka kula kitu kichachu, au umetapika, usikimbilie mswaki. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa. Ganda likiwa limelegezwa na asidi, mswaki unalikwangua kidogo kidogo.

Mswaki wa mti ni msaada mzuri wa mchana. Kule kutafuna kwenyewe kunaamsha mate. Floridi hauna ya kutosha, kwa hiyo usiuache ule wa usiku.

Hatua ya 7: Siku zisizo za kawaida

*Safari.* Basi la kwenda Mwanza linatoka alfajiri, na abiria nusu wameamua tangu jana hawanywi kitu, wakiogopa kuchimba dawa porini. Matokeo ni kichwa kuuma, choo kigumu siku mbili. Kunywa kikombe kizima saa mbili kabla ya kupanda, uende haja, kisha ndani ya basi upige funda moja moja, na kikombe kizima basi likisimama kwa chakula. Soda na biskuti za dirishani waachie wengine.

*Wanawake wanaojibana.* Hili nalitenga makusudi. Dada anayeuza sokoni asiyekunywa maji kutwa ili asiende choo, na kila miezi miwili ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo: mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 wa aina yake, waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku na kuugua mara kwa mara. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu ya maji kila siku. Kwa mwaka mzima waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Pesa ya choo cha kulipia ni ndogo kuliko ya dawa.

*Ramadhani.* Usiku una saa chache, kwa hiyo gawa: kikombe na tende wakati wa kufungua, kimoja na futari, kimoja baada ya tarawehe, kimoja kabla ya kulala, viwili daku. Kugida lita moja dakika tano kabla ya adhana kunaishia chooni saa 1 asubuhi. Daku isiwe ya chumvi nyingi. Piga mswaki baada ya daku, safisha na ulimi. Mchana wengi hutumia mswaki wa mti hata wakiwa wamefunga.

*Kuharisha na kutapika.* Maji matupu hayatoshi, chumvi nayo imetoka. Changanya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukadiria. Usipokuwa nayo: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ionje, isizidi chumvi ya machozi. Mwaga kilichobaki baada ya saa 24. Mtoto mpe kwa kijiko, na akitapika subiri dakika kumi, uendelee taratibu.

*Selimundu.* Mwenye selimundu hasubiri kiu. Maji yakipungua, maumivu yanakuja. Chupa iende naye shuleni, na mwalimu ajulishwe kwamba anaruhusiwa kunywa na kutoka.

Ukikwama

*Nimeanza, sasa nakojoa kila nusu saa.* Angalia kama unakunywa kwa mkupuo. Punguza ukubwa wa kikombe, ongeza mara. Lakini kama kiu haikatiki, unakojoa sana hata usiku na unapungua mwili, acha kuhesabu vikombe, nenda ukapime sukari. Kinywa kikavu kimewahi kuwa dalili ya kwanza ya kisukari kwa wagonjwa wangu kadhaa.

*Nakunywa vizuri, mkojo ni mweupe, kinywa bado kikavu.* Huyu ndiye yule wa biskuti. Tazama dawa zako: za mzio na mafua, za presha zinazokojoza, amitriptailini ya maumivu ya neva. Nyingi zinakausha mate. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Tazama sigara, ugoro na mirungi. Tazama pua: anayekoroma na kulala mdomo wazi anaamka na kinywa kama jangwa hata akinywa ziwa. Tafuna bazoka isiyo na sukari baada ya mlo, na njoo kliniki ya meno kila miezi 6 hata kama hakiumi kitu, maana kwako meno yataoza haraka kuliko kwa mwenzako.

*Harufu haiondoki.* Kama kinywa hakijakauka, sugua ulimi mpaka nyuma unakokaribia kutapika. Usipofanikiwa, ni ukoga uliogeuka jiwe chini ya fizi, jino bovu, au tonsili. Maji hayatoi ukoga mgumu wala hayazibi tundu. Hilo ni la mtu wa meno.

*Mkojo ni wa njano kali ingawa nakunywa.* Vidonge vya vitamini B hufanya hivyo. Dawa za kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa wa machungwa. Ukiwa wa kahawia na macho yana manjano, hospitali leo.

*Maji yananichosha, hayana ladha.* Rudi kwenye mtungi. Udongo unavuja jasho, maji yanapoa bila umeme. Bibi yangu alikuwa akiufukiza kwa ubani kabla ya kuujaza, na mpaka leo sijakunywa maji matamu kama yale. Kama mtungi huna, tia vipande vya tango au majani ya mnanaa.

*Maji baridi yanatia meno ganzi.* Kunywa ya kawaida kwa sasa, tumia dawa ya meno ya ganzi kwa wiki mbili hadi nne, punguza nguvu ya mkono kwenye mswaki. Ganzi ikiwa ya jino moja tu na inadumu baada ya maji kuisha, jino hilo lina tatizo lake, usingoje.

*Mama yangu mzee ana meno ya bandia, yanamchubua, na maji hataki.* Uzeeni kiu hupungua. Mwili unakauka na mtu hasikii. Mate yakiwa machache, meno ya bandia hayashiki na yanasugua fizi. Yatoe usiku, yapigwe mswaki, yalale ndani ya maji safi. Ukiona utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu, huo ni fangasi, unahitaji dawa. Na maji usimwulize kama anataka, maana atakujibu hana kiu. Mpelekee kikombe nusu mkononi, ukae naye mpaka kiishe, urudi tena baada ya saa mbili.